Chupa A ya Miwani

Jumatatu, 3 Machi
Profesa katangaza: tiketi ya mkutano ni moja. Atakwenda atakayeonyesha Ijumaa kwamba dawa imekizuia kimeng'enya. Ni mimi! Nimeshamwambia mama mkwe, naye keshanunua sanduku. Mpinzani wangu ni Miwani, dada wa meza ya pili, mpole wa kukera.

Kazi yenyewe nyepesi. DNA imejizungusha kwenye protini za histoni. Kimeng'enya kinabandika alama kwenye histoni, jeni zinafungwa. Mimba ikiwa changa, hilo ni jema: seli ya ini inafunga mambo ya ubongo, kila moja inashika njia yake. Kwenye saratani kinapitiliza, kinafunga hata jeni za kuzuia seli zisizaliane ovyo. Kama mama mkwe akikabidhiwa funguo za nyumba.

Nimetia dawa kwenye chupa ya seli za saratani. Chupa isiyo na dawa nimeimwaga. Ya kazi gani?

Jumanne, 4 Machi
Hakuna kilichobadilika. Miwani kasema alama hufutika polepole, kadiri seli zinavyogawanyika, ningoje siku sita. Yeye alianza wiki jana. Wivu tu! Nimezidisha dozi mara kumi.

Jumatano, 5 Machi
Zimekufa zote. Nimemwambia Profesa dawa ina nguvu. Kajibu hata maji ya moto yana nguvu. Anataka seli hai, zilizotulia, zisizozaliana ovyo.

Alhamisi, 6 Machi
Miwani katoka kula. Ana chupa mbili kwenye inkubeta, kabati la joto la kukuzia seli: A na B. Nani ataiita kazi yake nzuri B? Nimechukua A, nikafuta jina lake kwa spiriti, nikaandika langu. Mama mkwe kapiga simu kuuliza nitamletea nini. Nimemwambia ataje tu.

Ijumaa, 7 Machi
Balaa! Mbele ya maabara nzima nimetangaza kwamba seli zimetulia. Kwenye skrini zimepandiana, hakuna hata nafasi ya kupumua. Profesa kauliza zimetulia wapi. Miwani, kwa upole uleule, kasema hiyo ni chupa yake isiyo na dawa, ya kulinganishia. Alama yake kaikwaruza kwenye kitako cha chupa. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Jumatatu, 10 Machi
Miwani kasafiri. Mimi naosha vyombo vya maabara, miezi mitatu. Mama mkwe nimemwambia mkutano umeahirishwa. Hajaamini, na duka limekataa kulipokea sanduku.

Nimekaa, nimetafakari kosa langu kwa unyenyekevu, na nimeliona. Ilikuwa B! Bado imo kwenye inkubeta, na msafishaji wa inkubeta ni mimi.