Theluji ya Mzee Prudencio

Jumanne, 14 Januari. Socorro.
Televisheni imesema Ijumaa theluji itashuka hadi Tucson, jangwani kabisa. Mama mkwe, Bi Hilaria, akaweka kikombe chini. Ana miaka themanini na minne. Theluji anaijua, hapa New Mexico tunaifagia mlangoni. Asichowahi kukiona ni theluji juu ya saguaro, zile kaktasi za Arizona zenye mikono, ndefu kuliko nyumba. Marehemu mumewe, Prudencio, aliiona ujanani alipokwenda kuchuma pamba. Akaisimulia miaka hamsini. Mama hakumwamini hata siku moja, na alikuwa akimwambia hivyo mbele ya wageni.

Leo akasema: "Nipelekeni. Nataka nijue kama baba yenu alikuwa mwongo au mimi ndiye mkaidi."

Nani ampeleke? Mimi, bila shaka. Lakini yupo Leandro, mwanyumba wangu, maana tumeoa dada wawili. Ana gari jipya refu lenye kitanda, jiko na viti vya kupasha makalio joto. Mimi nina pikapu ya mwaka 1991. Mama ameamua: atapanda gari la atakayekuwa wa kwanza mlangoni kwake kesho. Nitafika saa kumi na moja alfajiri. Leandro hulala hadi saa mbili. Nimeshashinda.

Jumatano, 15 Januari. Njiani.
Nilifika saa kumi na moja kasorobo. Aliyenifungulia mlango ni Leandro, amevaa ndala. Alilala kwenye kochi la Mama. Akanikaribisha kahawa, mshenzi.

Kwa hiyo Mama, gari la Leandro. Ofelia, mke wa Leandro, gari la Leandro. Mke wangu Nieves, baada ya miaka thelathini na mitatu ya ndoa, akasema mgongo unamsumbua. Gari la Leandro. Mimi peke yangu na sufuria ya tamali.

Ndipo akili ikanijia. Tamali zote, dazeni sita, nyama ya nguruwe na pilipili nyekundu ndani ya maganda ya mahindi, ziko kwangu! Tulipofika Deming nikatangaza kwamba zinaliwa ndani ya pikapu tu, kwa sababu za usafi. Leandro akauliza usafi gani, wakati kiti changu bado kina manyoya ya mbwa aliyekufa mwaka juzi. Nikafunua sufuria. Mama alikuwa ameshahama.

Ushindi. Kipasha joto cha pikapu kilikufa Lordsburg, lakini tulijifunika blanketi moja, tukala, naye akaimba hadi Arizona. Amemaliza tamali tisa.

Alhamisi, 16 Januari. Tucson.
Jua. Watu wamevaa kaptula. Leandro kawapeleka wote kuona kanisa jeupe la wamisionari. Nasikia padri alimpenda sana. Mimi nilibaki kufanya upelelezi. Mhudumu mmoja wa mgahawani alinielekeza njia ya vumbi kaskazini, chini ya milima, ambako saguaro zimesongamana na theluji ikija hukaa. Jioni nikamnong'oneza Nieves njia hiyo, kisha nikamwambia Leandro nimesikia theluji itaangukia kusini, karibu na mpaka. Akaandika kwenye simu, akanishukuru. Nilijisikia vibaya kwa dakika mbili hivi.

Mama alikuwa kwenye kiti kando yetu, amefumba macho. Nadhani alikuwa amelala.

Ijumaa, 17 Januari. Tucson bado.
Mawingu mazito. Baridi ya kukata masikio. Tuliondoka saa moja asubuhi, mimi, Nieves, na Mama katikati. Njia ilikuwa kama nilivyoelekezwa, ila hakuna aliyenitajia mto mkavu. Nieves alisema nisiuvuke, mchanga una unyevu. Nikamwambia mtu aliyezaliwa jangwani hafundishwi mchanga.

Pikapu ikazama hadi kwenye ekseli.

Nilichimba kwa mfuniko wa sufuria. Nikatandika zile raba za sakafuni chini ya matairi. Moja iliruka ikatua juu ya kaktasi, na iko huko hadi sasa. Simu hazikuwa na mtandao. Nieves alianza kuhesabu tamali zilizobaki, na hiyo ni hatari. Nikamtazama yule bibi kizee, midomo imembadilika rangi, na yote kwa ajili ya ubishi wangu. Niliogopa, kweli niliogopa. Nikavua koti nikamfunika, nikamwomba radhi.

Mama akatazama saa yake. "Tulia, Eusebio. Leandro atafika saa tatu. Nilimwambia jana unakokwenda. Nikamwambia pia kwamba utakwama."

Leandro alifika saa tatu kasoro dakika tano, na kamba, na chupa ya kahawa. Hakunicheka, jambo lililoniuma zaidi. Alisema tu: "Mwanyumba, kumbe kusini ndiyo huku."

Tulikuwa bado tunafunga kamba theluji ilipoanza. Mapande makubwa, bila upepo. Tukaiacha kamba. Baada ya nusu saa kila saguaro ilikuwa na kofia nyeupe, na weupe kwenye viwiko vya mikono, mamia kwa mamia, hadi juu mlimani.

Mama akataka kusimama. Nikamshika mkono huu, Leandro ule. Akafuta miwani, akatazama tena.

"Alisema zinafanana na wanaume kwa kinyozi," akasema. "Wamepakwa povu, wanangoja wembe. Nikamwambia, Prudencio, acha ulevi."

Akaanza kucheka. Alicheka hadi tukambeba sisi wawili, na sisi tunacheka, Ofelia analia, Nieves anapiga picha za vidole vyake mwenyewe. Halafu Mama akainua uso, theluji ikimwangukia kwenye miwani, akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayezungumza na mtu wa chumba cha pili: "Haya, mzee. Umeshinda."

Tulimalizia tamali juu ya boneti. Leandro alikula kumi na mbili. Nilimwacha. Macho yangu yalitoa machozi kwa sababu ya pilipili.

Jumapili, 19 Januari. Nyumbani.
Baada ya misa niliwaeleza watu jinsi nilivyochagua mahali. Ukifikiria vizuri, nisingekwama tungepita tu, tukakuta mvua ng'ambo. Kukwama kwangu ndiko kulikofanikisha safari. Nieves akakohoa. Leandro akasema ni kweli kabisa, na utamu wote ukaniishia.

Sasa Mama amekumbuka kwamba Prudencio aliwahi pia kusimulia jangwa la California likifunikwa na maua mwezi Machi, zambarau hadi macho yanapokoma. Hilo nalo hakuliamini. Anataka kwenda. Nimeshamwambia Leandro maua hayo yako Texas. Na nimepata ramanini njia ya mkato, inaokoa saa mbili nzima. Inakatizwa na mto mmoja, lakini umechorwa kwa vinukta. Maana yake hauna maji.