Mpweke Namba Moja wa Wilaya

Ijumaa asubuhi wilaya nzima haikuwa na mpweke hata mmoja. Kila mtu alijua ni uongo, isipokuwa Cornel Ndaki, ambaye alikuwa ameshaupiga muhuri.

Cornel alikuwa Mratibu wa Upweke wa Wilaya. Kabla ya hapo aliratibu minada ya ng'ombe, na kwake kazi ilikuwa ile ile: unahesabu, unapiga chapa, unafunga geti. Alipewa meza, dereva na kamati ya watu saba. Kamati ilikaa vikao tisa, ikala sangara wa Nkome katika vikao vyote tisa, ikazaa Fomu Namba Saba.

Fomu ilikuwa haina dosari. Yeyote anayedai kuwa mpweke alitakiwa aje na wadhamini wawili wanaomfahamu vizuri kwa miaka isiyopungua mitano, barua ya mwenyekiti wa kitongoji, na picha moja akiwa amesimama katikati ya wadhamini hao. Kwa miezi minne walikuja watu mia mbili na kumi na sita. Waliokuja peke yao hawakuwa na wadhamini, wakakataliwa. Waliokuja na wadhamini walikuwa na watu, kwa hiyo si wapweke, nao wakakataliwa. Cornel aliitazama sifuri ile kwenye rejesta akajiona ametokomeza ndui.

Kilichomkera ni mama mmoja tu, Daktari Apolonia Bujiku.

Apolonia alianza kama muuguzi kule Mwakitolyo, akifunga vidonda vya wachimbaji waliotolewa kwenye maduara, yaani mashimo ya dhahabu. Alirudi shule akiwa na wajukuu, akasomea uchumi wa afya, akawa anafundisha wauguzi mjini Shinyanga. Utafiti wake ulikuwa katika mwaka wa tisa, na ulisema jambo ambalo bibi yeyote angekwambia bure: kuna mtu anakuja zahanati kila wiki anaumwa kichwa, ukipima kichwa hakina kitu. Nyumba ndiyo haina mtu. Mtu huyo, Apolonia hakumwandikia panadol. Alimwandikia watu. Cheti kilisomeka, "Bugobogobo, Jumanne na Alhamisi, baada ya uji," na mgonjwa akaenda kulima na kikundi, ngoma inapigwa, majembe yanapanda na kushuka pamoja. Kisha Apolonia akahesabu. Mtu aliyekuwa anakuja zahanati mara hamsini kwa mwaka, sasa alikuja mara sita.

Wakubwa waliupenda utafiti huo hadi wakauchukua. Tangu siku hiyo hakuna muuguzi aliyeruhusiwa kumwandikia mtu bugobogobo kabla upweke wake haujathibitishwa kwa Fomu Namba Saba. Na kanuni ya mwisho ilisema wazi: rejesta ikifika Ijumaa ile haina jina, mpango unafungwa, utafiti unakufa, na kikundi kinarudisha shamba la halmashauri.

Jumatatu alikuja Mzee Maduhu, mpiga ngoma wa kikundi, ambacho hakijalima pamoja tangu fomu ianze. Mke wake alifariki, wanawe wako Geita kwenye dhahabu, na kichwa kilikuwa kimeanza tena.

"Shikamoo, mzee," alisema Cornel, ambaye adabu alikuwa nayo.

"Marahaba, ngosha," alijibu mzee, akimwita mwanamume kwa Kisukuma.

"Wadhamini wako wapi?"

"Ningekuwa na wawili wa kuja nao hapa, ningekuja kufanya nini?"

"Mzee, serikali haiwezi kuamini upweke wa mdomo."

Jumatano Maduhu alirudi na wadhamini. Mmoja alikuwa fundi wa karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na mwingine Mama Lusia muuza dagaa. Walitoka Mwakitolyo kwenye bodaboda moja, wakaanguka kwenye tope mara mbili, na walipoingia ofisini walikuwa bado wanachekana. Mama Lusia alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Mzee huyu ameng'ang'ania ndoo yangu ya dagaa hadi chini! Kaniacha mimi nianguke, kaokoa dagaa!"

"Dagaa hawana mifupa ya kujitetea," alijibu Maduhu.

Cornel hakuuliza swali hata moja. Aliandika, "Mwombaji amekutwa akicheka," akapiga muhuri.

Alasiri Apolonia akaja mwenyewe na daftari lake.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba, baba. Huyo mzee amecheka kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu mvua za vuli alikuwa na watu. Hiyo ndiyo dawa. Umemnyima dawa kwa kuwa imemsaidia."

"Daktari, nikuulize kitaalamu. Hiyo bugobogobo ina miligramu ngapi?"

"Hadi jasho litoke."

"Unaona? Haipimiki."

Apolonia alifunga daftari polepole. "Ijumaa nitakuja kwenye sherehe yako," alisema.

Sherehe ilikuwa na maturubai matatu, viti mia tatu vya plastiki na mgeni rasmi kutoka mkoani, mama mwenye miwani ambaye alisoma kila karatasi aliyopewa, jambo lililowatia watu wasiwasi. Cornel alishika kipaza sauti akatangaza kwamba upweke katika wilaya umekwisha. Watu walipiga makofi, maana soda zilikuwa hazijagawiwa.

Apolonia akasimama.

"Mheshimiwa mgeni rasmi, utafiti haufungwi bila mtu wa kulinganisha. Namtaka mtu mmoja mzima, asiye mpweke kabisa, nimpime nimwandike, ndipo nifunge."

"Mimi hapa," alisema Cornel, hata hakumwacha amalize. "Kwenye simu yangu nina namba elfu moja mia nne na kumi na mbili."

"Vizuri sana. Mwezi huu ni watu wangapi wamekuja nyumbani kwako bila shida ya saini?"

Cornel akafikiri. Akafikiri tena. "Swali hili lina mtego wa kitaalamu."

"Basi piga simu kwa yeyote. Usiombe kitu. Sema tu njoo tunywe chai."

Kipaza sauti kilikuwa karibu, watu wote wakasikia. Wa kwanza alisema, "Mkuu, faili lile nalimalizia leo leo, naapa." Wa pili aliuliza, "Amefariki nani?" Wa tatu alisikiliza neno chai, akakata, akazima.

"Herman!" Cornel alimwita dereva wake. "Waambie. Miaka sita unanifahamu."

Herman alivua kofia. "Ni kweli, mkuu. Nakufahamu kwenye kile kioo cha juu cha gari."

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililomuumiza Cornel. Alitazama viti vile mia tatu, na kwa mara ya kwanza tangu mnadani hakujua aanzie wapi kuhesabu.

Mgeni rasmi alikuwa anasoma Fomu Namba Saba. "Hapa panatakiwa wadhamini wawili wanaomfahamu vizuri. Nani anaweza kuthibitisha kwamba huyu bwana hatembelewi?"

Ilinyooshwa mikono mia mbili na themanini. Ulioanza ulikuwa wa Maduhu, aliyemfahamu tangu siku za minada.

Picha ilipigwa palepale, Cornel katikati, Maduhu kulia, Herman kushoto. Mwenyekiti wa kitongoji aliandika barua akiwa kitini, na muhuri Cornel alikuwa nao mwenyewe. Rejesta ikapata jina, mpango haukufungwa, na kwa kuwa mgonjwa aliyethibitishwa lazima apate dawa, shamba la kikundi likabaki kwa kikundi. Wiki iliyofuata mgeni rasmi aliandika kwamba Fomu Namba Saba imetimiza lengo lake na isitumike tena. Apolonia akaandika cheti: Jumanne na Alhamisi, baada ya uji.

Jumanne ya kwanza Cornel alikwenda na viatu vya ofisini. Jembe lake lilishuka wakati ya wenzake yanapanda.

"Sikiliza ngoma, ngosha," Maduhu alimfokea. "Usihesabu!"

Kwenye ripoti ya Apolonia gharama ya kumtibu mgonjwa namba moja kwa wiki sita imeandikwa hivi. Jembe moja la kuazima. Mpini mmoja, aliuvunja. Vikombe kumi na viwili vya uji, na kimoja zaidi alichoomba mwenyewe wiki ya tano. Malengelenge manne, pea moja ya viatu. Panadol, hakuna. Kutokomeza upweke bila kumtibu mtu kulikuwa kumegharimu vikao tisa, sangara thelathini na sita, na wagonjwa mia mbili na kumi na sita waliorudishwa nyumbani. Kumi na mmoja kati yao hawajaonekana tena, si zahanati wala majumbani kwao.