Baharia wa Nchi Kavu

Jumatatu, 3 Juni

Mke wangu kaja na barua. Wakunga wenzake wa wodi wamempa zawadi ya kustaafu: safari ya meli, watu wawili, siku nne. Meli ndogo, vyumba kumi na vinne. Ameisoma mara tatu akiwa amesimama, viatu bado miguuni. Kisha akaniangalia kwa macho ambayo sijayaona tangu harusi. Akasema kwa miaka thelathini na moja nimemwambia bahari ndiyo nyumbani kwangu, basi sasa nimpeleke nyumbani kwangu.

Nikacheka. Kicheko kilitoka kikavu kama kikohozi.

Naandika hapa kwa sababu hakuna mtu wa kumwambia. Sijawahi kupanda meli. Wala mtumbwi! Nilipokuwa namchumbia kulikuwa na mwingine mlangoni kwao anayemtaka, karani wa mifugo, mrefu, ana baiskeli mbili. Mimi nilikuwa na nini? Shati. Ndipo nikasema nimekuwa baharia miaka miwili. Sentensi moja tu. Nilidhani itanivusha wiki. Tangu hapo imezaa dhoruba nne, papa mmoja na nahodha mwenye jicho moja. Watoto wangu wamekua wakimwogopa huyo nahodha.

Kibaya zaidi, kaka yake anakuja na mkewe. Mwalimu wa jiografia, mstaafu. Huyu shemeji hajaniamini tangu siku ya posa. Aliniuliza mbele za watu upande wa kushoto wa meli unaitwaje. Nikamjibu inategemea meli. Leo kapiga simu kusema hatimaye atamwona Baharia kazini. Alivyolitamka hilo neno, ungedhani anatema kokwa.

Nina siku nne. Mtu aliyeanza na bisibisi moja na leo ana karakana ya mizani yenye milango miwili hawezi kushindwa na maji.

Jumatano, 5 Juni

Mpango wa kwanza: mazoezi. Nimeifunga mizani kubwa ya kupimia magunia kwa mnyororo, nikaining'iniza kwenye boriti ya karakana, nikakaa juu ya sahani yake. Nusu saa kila siku, nikiongeza nguvu ya bembea kwa sehemu ya kumi. Mwili ni kama springi. Ukiuzoesha, unatulia.

Nilihitaji mtu wa kusukuma. Nikamwita fundi cherehani wa mlango wa pili, nikamwambia najaribu mizani ya mteja. Akanisukuma kwa mpini wa ufagio huku anatafuna karanga. Akauliza huyo mteja anapima nini, ng'ombe mwenye mimba? Nikamwambia asukume, asiulize.

Dakika ya nne na nusu jasho la baridi. Dakika ya tano nikamwambia asimamishe. Hakunisikia, au alijifanya. Dakika ya sita nikatapikia kikapu chake. Ndani mlikuwa na kola za sare za kwaya. Kumi na nane, zote nyeupe.

Alipiga kelele hadi mziba pancha wa ng'ambo ya barabara akaacha tairi. Nimeahidi kuzifua mwenyewe. Nilizifua. Zilitoka rangi ya maziwa ya chai.

Nyumbani nikasema nimekula samaki mbovu. Mke wangu akacheka, akauliza baharia gani anashindwa na samaki.

Ijumaa, 7 Juni. Meli

Mpango wa pili: dawa. Mfamasia alisema kidonge kimoja, nusu saa kabla ya kupanda. Nikamwuliza kimoja kwa mtu wa kilo ngapi. Akasema kwa mtu mzima. Mtu mzima si kipimo! Karatasi ya ndani inasema nusu kidonge kwa mtoto wa kilo ishirini. Mimi nina tisini na sita. Kwa uwiano huo, viwili na nukta nne. Nikajumlisha mawimbi, vikawa vitatu. Nikavimeza kwenye teksi mke wangu alipogeuka kuangalia mizigo.

Naomba hili lieleweke: hesabu ilikuwa sahihi.

Nakumbuka ngazi. Nakumbuka kamba nene. Baada ya hapo nakumbuka dari ya chumba, saa kumi na moja jioni, nchi kavu haionekani tena.

Yaliyobaki nimesimuliwa na shemeji, naye hakupunguza neno. Nilipandishwa melini kwa toroli ya mizigo, katikati ya masanduku ya mkewe, kinywa wazi. Abiria mmoja alivua kofia. Alidhani naenda kuzikwa.

Mke wangu alikuwa ameshona gauni la bluu kwa ajili ya kuondoka gatini. Alitaka tusimame pamoja tuutazame mji ukiwa mdogo. Alisimama peke yake. Nilipoamka nikakuta amekwisha kuwaeleza watu kwamba mabaharia ndivyo walivyo, wakirudi majini wanalala kama watoto waliorudi kwa mama yao.

Aliamini anachosema. Nimegeukia ukuta.

Jumamosi, 8 Juni

Dawa imeisha mwilini. Nimetapika mara tano kabla ya chai. Nimefungua bomba la bafuni ili asisikie, akaniuliza kupitia mlangoni kama bado naoga. Kwa saa nzima!

Lakini nimepata ufumbuzi. Natembea na pima maji mfukoni, ile ndogo ya kusawazishia mizani. Wakati wa chai nikailaza mezani. Kipovu kikakimbilia pembeni. Meli imeinama nyuzi mbili kushoto! Ndiyo sababu naumwa. Mtu wa mizani hawezi kuishi kwenye kitu kisicholala sawa.

Nikatazama ukumbi, nikaona kosa papo hapo. Wazito wote wamekaa upande mmoja. Mimi nikimwangalia mtu najua kilo zake, sikosei zaidi ya moja. Ndiyo kazi iliyonilea. Nikapiga hesabu: tukiwabadilisha watu wanne tu, meli inasimama wima.

Nikainuka. Nikaomba radhi. Nikaanza na mezani kwetu ili nisionekane mbaguzi. Nikamwomba mama wa kilo themanini na nane abadilishane na yule mzee wa sitini na moja karibu na dirisha.

Mama wa themanini na nane ni mke wa shemeji.

Akasema, kwa sauti ndogo ya kutisha, kwamba yeye ana sabini na tisa. Nikamwambia kwa heshima zote, shemeji, ni themanini na nane, labda themanini na saba bila hereni. Hapo mwanamke wa meza ya nyuma akanyanyua mkoba wake akaondoka mbio, kabla sijamfikia. Sabini na nne, na hakuwa na sababu ya kukimbia.

Mhudumu akaja kuninong'oneza kwamba meli haijainama. Inakata kona.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Hata hiyo ardhi haikuwepo.

Nikatoka sitahani haraka, nikainama kwenye ukingo, nikatapika. Upepo ulikuwa unatoka huko huko. Nilipogeuka, shati likiwa katika hali ambayo sitaiandika, shemeji alikuwa amesimama mlangoni. Akasema jambo la kwanza ambalo hata mwanafunzi wake wa darasa la tano angelifanya ni kuangalia upepo unavuma kutoka wapi. Kisha akaongeza: Baharia.

Jumapili, 9 Juni

Siku ya aibu tupu. Naiandika nimeegemea ukuta, daftari juu ya goti.

Kumbe mke wangu aliona watu wananicheka, ikamuuma. Akaenda mwenyewe kwa nahodha akamwambia mumewe ni baharia wa zamani, akaomba nionyeshwe chumba cha usukani. Alifanya hivyo kunisafishia jina! Nahodha ni mwanamke mfupi, kilo hamsini na nne, sauti ya kilo mia. Alifurahi kweli. Akatualika sote wanne, yaani na shemeji na mkewe, ambaye hajasema nami tangu jana.

Kule juu meli inayumba mara mbili. Nahodha akanipa mkono, akauliza nilitumikia meli gani. Nikasema ya mizigo. Akauliza jina lake. Nikasema ilibadilishwa jina. Akauliza nilikuwa idara gani, injini au sitaha. Shemeji akavuta shingo kama kobe ili asipitwe na jibu. Mke wangu alikuwa ananitazama akitabasamu, amevaa tena lile gauni la bluu.

Nikafungua kinywa nijibu. Lililotoka halikuwa jibu.

Lilitua kwenye ramani. Nahodha aliniambia dakika moja kabla kwamba wao bado huchora njia kwa penseli, kwa mkono, kama alivyofundishwa na bosi wake wa kwanza. Kazi ya asubuhi nzima. Kisiwa tulichokuwa tunakwenda kesho kilifunikwa chote, pamoja na mwamba wa karibu yake.

Shemeji akasema, kwa sauti ya darasani, tuangalie jinsi kisiwa kinavyozama.

Mke wangu alinishika kiuno akanishusha chumbani. Akaleta ndoo. Akakaa kitandani na saa yake mkononi, akawa anapima, kama anavyopimia wajawazito. Akasema inakuja kila dakika nane. Kisha kila dakika sita. Akaniambia nisiikaze, niiache ije yenyewe, nipumue kwa pua. Mara moja alisahau akaniambia nisisukume. Tulicheka wote wawili. Ni hapo, katikati ya kicheko, aliponiuliza kama kweli nilikuwa baharia.

Nikasema hapana.

Nikamweleza. Nilikuwa mpima magunia kwenye ghala la bandarini, miezi mitatu. Dirisha lilitazama maji. Na hilo dirisha halikuwa letu, lilikuwa la ofisi ya mhasibu. Nilikuwa naingia kusaini, nachungulia.

Aliitazama saa yake dakika kumi na moja. Nilizihesabu. Kisha akasema hakunikubali kwa ajili ya bahari, nisijisifu. Lakini baba yake alipokataa, akisema kijana huyu maneno yake hayana uzito, yeye alimjibu kwa ukali, mara ya kwanza na ya mwisho maishani mwake. Alimwambia mtu aliyevuka dhoruba nne haongopi. Miezi minane hawakusemeshana. Alimkosea baba yake adabu kwa ajili ya meli isiyokuwepo, na mzee amekwisha kufa, hawezi kumwomba radhi.

Sikuwahi kujua habari ya miezi minane. Nilidhani mzee alikuwa mkimya tu.

Akasema kesho, wakati wa chai, nimwambie kaka yake mwenyewe, kwa kinywa changu. Nisipofanya hivyo, atateremka gatini na kaka yake na atakaa kwake mpaka atakapojua ameolewa na nani. Kisha akaenda kunisuuzia ndoo.

Jumatatu, 10 Juni

Nimesema.

Nilisimama. Ukumbi ukashtuka. Nadhani walidhani naanza tena habari za kilo. Nikamwambia shemeji: sikuwa baharia, nilikuwa napima magunia, na baba yenu alisema kweli juu yangu. Nilitaka kuongeza kwamba masikio yangu yana tatizo la kuzaliwa, ndiyo maana sikuajiriwa melini. Mke wangu akaniangalia. Nikaacha.

Shemeji amengoja maneno haya miaka thelathini na moja. Nilijiandaa kwa lolote. Alinyanyuka, akaenda zake, akarudi na kikombe cha chai ya tangawizi. Akakiweka mbele yangu, akakigeuza kishikio chake kinielekee. Akasema ninywe taratibu, shemeji, tumbo limechoka.

Afadhali angenitukana. Nilikunywa nikiangalia ndani ya kikombe tu. Mkewe akanisogezea biskuti mbili kwa ncha ya kidole.

Mchana, maji yakiwa yametulia, mke wangu alisimama ukingoni. Nikaenda nikasimama pembeni yake. Hakunishika mkono. Lakini hakusogea.

Alhamisi, 13 Juni

Nyumbani. Sakafu imetulia, kipovu katikati.

Jumatatu na Jumanne alilala chumba cha binti yetu. Jana pia. Leo asubuhi nimekuta mto wake umerudi kitandani kwetu, ameunyoosha vizuri. Baadaye, akinimiminia chai, alisema ana sharti moja: asisikie uongo mwingine, hata wa ukubwa wa punje. Nimeapa. Nilitokwa na machozi kweli. Nimepata mke ambaye sikustahili, na nimeandika hilo kwa wino.

Nimelifikiria jambo hili siku nzima karakanani, kwa utulivu, kama ninavyofanya mzigo unapokataa kusawazika. Nimegundua kosa lilipokuwa. Sikukosea kusema nilikuwa baharia. Nilikosea tarehe. Nikitumikia melini sasa, hata kidogo, maneno yangu yote yatakuwa ya kweli, ila yamewahi. Na baba mkwe, popote alipo, atakuwa alikosolewa kwa haki. Mke wangu hatakuwa na deni la radhi tena. Ni kwa ajili yake!

Kuna meli nyingine, ndogo kuliko ile, inataka watu wa kujitolea mwezi ujao. Siku kumi na mbili. Tumbo litakuwa limezoea. Nimekadiria: kutoka mara tano kabla ya chai, kushuka moja kila siku, siku ya sita nimepona.

Fomu ninayo hapa. Mke wangu amechungulia mlangoni sasa hivi, akaniuliza naandika nini kwa bidii namna hiyo. Nimemwambia orodha ya vipuri.

Imebaki nafasi moja, inayouliza uzoefu wangu wa bahari. Nimejaza: baharia mstaafu. Sioni uongo hapo. Kwa sasa sifanyi kazi hiyo.