Mwenye Nyumba wa Vyumba Saba

Kisarawe. Jumatatu, 3 Novemba 1952

Leo nimekuwa mwenye nyumba! Marehemu shangazi Mwanaamina, Mungu amrehemu, ameniachia nyumba yake. Vyumba vinne, ukumbi katikati, ua mkubwa nyuma. Mke wangu Zena akasema alhamdulillahi, sasa tutalala kwa nafasi. Kulala! Zena hana maono.

Kila asubuhi nikienda dukani kupima kopra, zile nazi kavu, nampita Bi Biubwa, jirani wa ng'ambo ya njia, amekaa barazani anakunywa kahawa. Hafanyi kazi yoyote. Nyumba yake ndiyo inayofanya. Ana vyumba sita na vyote vina wapangaji. Mimi nitakuwa na saba. Kwa nini saba? Kwa sababu yeye ana sita.

Zena akauliza sisi tutalala wapi. Swali la kijinga. Baadaye nikalifikiria. Tutalala jikoni, uani.

Jumanne, 4 Novemba

Nimegawa vyumba vitatu, kila kimoja kikawa viwili. Kujenga kiambaza cha udongo kunachukua wiki nzima, tena lazima kikauke. Nani ana wiki nzima? Nimesimamisha fito na kufunga majamvi. Hadi alasiri nimemaliza. Fundi halisi!

Nikamwita Zena aje kusifu. Alizunguka, akarudi, akauliza chumba cha tano mlango wake uko wapi. Nikatazama. Hakina mlango. Kina dirisha tu.

Zena akakaa chini ukumbini akacheka mpaka kanga ikamdondoka.

Jumatano, 5 Novemba

Bi Biubwa amekuja kukagua. Nikamwamkia shikamoo, meno yameumana. Marahaba, mwanangu, akasema, na kwa upole kabisa akaniuliza kama chumba cha tano nimemjengea paka.

Mwanamke huyu atanitambua.

Alhamisi, 6 Novemba

Wapangaji watatu kwa siku moja!

Wa kwanza ni Twalibu, mchuuzi wa kuku kutoka Maneromango, kijana mrefu mpole. Nikamweleza masharti: hapa hakufugwi kuku. Akaniambia hafugi, anauza. Kuku kumi na wanane wakapita mbele yangu ndani ya matenga, nami nikawafungulia mlango.

Wa pili ni Swaumu, mjane wa miaka mingi, mpishi wa vitumbua. Anaimba akikoroga unga. Nimempa chumba cha pili, jirani na Twalibu. Katikati yao ni jamvi.

Wa tatu ndiye fahari yangu. Mwalimu Hilario! Koti, tai, miwani. Alitafuta mahali patulivu pa kusahihisha madaftari. Nikampeleka nje, mpaka dirishani.

"Bwana Mwishehe," akasema, "mlango uko wapi?"

"Mwalimu, hiki ni chumba cha faragha. Nani atakusumbua?"

Mwalimu akavua viatu, akapanda juu ya kinu cha Zena, akaingia. Amesema kimya chake ni kizuri sana.

Jumapili, 9 Novemba

Mwalimu alitoka dirishani kwenda kanisani, koti limepigwa pasi, biblia mkononi, mguu mmoja ukitafuta kinu. Bi Biubwa amesogeza kiti chake cha kahawa ili aone vizuri. Amewaalika na wapangaji wake.

Jumatano, 12 Novemba

Nimepata akili mpya, na ni nzuri mno. Kile chumba kikubwa nisichokigawa bado kitupu, na kodi yake ndiyo ya juu. Twalibu na Swaumu wanatenganishwa na jamvi tu. Moshi wa vitumbua unakwenda kwa kuku, kelele za kuku zinakwenda kwenye vitumbua. Wakigombana vizuri, mmoja atakimbilia chumba kikubwa!

Lakini hawagombani. Watu gani hawa? Itabidi niwasaidie.

Alhamisi, 13 Novemba

Nimemwambia Twalibu kwamba Swaumu analalamika kuku wake wananuka. Nimemwambia Swaumu kwamba Twalibu anasema uimbaji wake unawakosesha kuku usingizi. Nikakaa ukumbini kusubiri vita.

Baadaye nikasikia Twalibu akizungumza na jamvi. Anaomba radhi kwa ajili ya harufu. Sauti ya Swaumu ikajibu kwamba hajasema neno hilo hata siku moja. Akaongeza kwamba ataacha kuimba. Twalibu akashtuka, akamwambia asithubutu, tangu kuku wake wasikie nyimbo hizo ndipo wameanza kutaga.

Wakacheka wote wawili.

Mambo hayaendi nilivyopanga.

Jumapili, 16 Novemba

Pana tundu kwenye jamvi langu! Upana wake sawa na kitumbua kimoja. Kitumbua kinakwenda upande huu, yai linarudi upande ule. Nimeziba kwa gunia. Baada ya Adhuhuri gunia lilikuwa limekunjwa vizuri, limewekwa mlangoni kwangu, na juu yake vitumbua vinne. Vya moto. Nimevila. Nitaziba tena kesho.

Alhamisi, 20 Novemba

Twalibu amekuja na kofia mpya, akakaa ukingoni mwa kiti. Anataka kumuoa Swaumu. Ameshatuma watu kwa ami yake Swaumu, aliyeko Maneromango, na ami amekubali. Wanaomba harusi ifanyike hapa, kwa kuwa mimi ndiye niliyewakutanisha.

Nikamwambia mimi sikumkutanisha mtu. Nilikuwa nawagombanisha!

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, machozi yanamlenga, akasema ana hakika nilifanya kwa hekima.

Nilimwendea Zena jikoni kumweleza maafa haya. Wapangaji wawili watakuwa mmoja! Zena hakuinua macho kwenye sufuria.

"Umeozesha, Mwishehe. Katika mambo uliyowahi kuyafanya, hili ndilo zuri kuliko yote. Nyamaza, usije ukaliharibu."

Ijumaa, 28 Novemba

Harusi! Siwezi kuandika kwa utaratibu, miguu inauma kwa kucheza.

Wageni walikuja wengi kuliko tulivyowatazamia na ua haukutosha. Zena akaingia ndani na kisu cha jikoni, akakata kamba. Jamvi la kwanza likaanguka, la pili, la tatu. Nikapiga kelele, nani atanisikia katikati ya vigelegele? Majamvi yaleyale yakatandikwa, watu wakakaa juu ya vyumba vyangu, wakala pilau.

Jamvi la chumba cha tano lilipoanguka, Mwalimu Hilario alikuwa ndani na daftari mkononi. Aliitazama ile nafasi. Kisha akatembea polepole mpaka ukumbini, kwa miguu yake, amesimama wima, kama mtu wa kawaida. Watu wakampigia makofi. Akainama kuwashukuru.

Swaumu aling'ara. Twalibu hakufumba mdomo kwa kutabasamu. Ami yake Swaumu akasimama akaniombea dua mbele ya watu wote, akasema nyumba hii ina baraka. Nikajikuta nalia. Bi Biubwa akanipa ncha ya kanga yake nifute. Nilimshukuru kwa moyo wote, mpaka nilipogundua kwamba wageni wote wa kutoka mbali wamepanga barazani kwake.

Jumapili, 30 Novemba

Maharusi wamehamia kwa Bi Biubwa, kwenye chumba kilichoachwa wazi juzi. Wanataka ukuta ambao hauzungumzi. Mwalimu naye amehamia kwake, ameonekana akifungua na kufunga mlango mara tatu, kwa starehe tu. Bi Biubwa sasa amejaza hata stoo, ndiko alikompa Mwalimu.

Mimi na Zena tumelala chumba kikubwa. Upepo unapita nyumba nzima. Zena amelala hadi jua limepanda, uso wake kama wa bibi arusi. Nami nilikaa ukumbini na chai nikaona, kwa kweli, maisha haya ni mazuri. Nikaapa sitaki tena mambo ya wapangaji.

Jumanne, 2 Desemba

Dukani leo nimekutana na bwana mmoja wa Kwala. Anauza nyumba. Kubwa, mahali pazuri, vyumba kumi! Haina paa, ndiyo maana bei yake ni ya kutupa. Watu hawakuona alichokiona mtu mwenye maono. Nimeshampa neno langu kwamba naichukua, bila hata kwenda kuiona.

Nyumba isiyo na paa haiwezi kuvuja.