Beseni la Waridi na Kiti cha Kamati ya Afya

Alhamisi, 12 Juni 2025

Niwie radhi, shajara, kwa kimya kirefu. Tangu Pasaka nimeota zaidi ya kuandika. Isitoshe, jana tumbo lilinishika. Linanguruma bado, lakini si jambo la kutangaza. Jumatatu wazee wa kanisa letu hapa Gudele, Juba, watamchagua mwenyekiti wa kamati ya afya. Nakitaka kiti hicho! Tuko wawili: mimi, mwalimu mstaafu, na Erifazi, muuza mitumba wa soko la Jebel. Yeye ametoboa jerikeni na kuitundika nje ya kanisa. Watu wananawa, maji yanapotelea mchangani. Maji ya kununua kwenye lori! Ubadhirifu.

Ijumaa, 13 Juni

Nimesoma habari za vimelea. Bakteria mmoja hugawanyika wakawa wawili, wawili wakawa wanne. Kirusi hakizaliani mpaka kiingie ndani ya seli ya mtu. Ajabu! Nikasinzia kitini. Nikawaona wakielea katika mwanga wa dirisha, wepesi kama vumbi la Jebel, wakininyoshea mikono midogo, wakinipigia kura. Nimezinduka na hila. Kesho nawaalika wazee chakula cha mchana, na Erifazi pia, na mikono nitawanawisha mwenyewe.

Jumamosi, 14 Juni

Fanaka! Beseni jipya, maji yenye marashi ya waridi. Kwa heshima ya umri nilinawa wa kwanza. Kisha beseni likazunguka mezani, maji yale yale, bila kumwaga tone. Tukala kisra, mkate mwembamba wa mtama, katika sinia moja. Erifazi alilitazama beseni, akala pembeni kwa kijiko. Nikamwambia anatuaibisha.

"Mzee," akajibu, "maji hii imeshiba mikono."

Wazee walicheka. Mimi nilicheka zaidi.

Jumatatu, 16 Juni

Kikao hakikufanyika. Wazee wote wanahara. Mzee Both ametundikiwa dripu. Erifazi mzima! Nashuku hila. Moraa, mtoto wa dada yangu, ni muuguzi. Alikuja akauliza tumbo langu lilianza lini. Nikakiri: kabla ya karamu. Akanieleza:

"Mjomba, ugonjwa uliingia beseni kutoka mikononi mwako, wengine wakauchota humo. Maji yanayotiririka yangeondoka nao."

Sauti yake ilikuwa tamu, ya mbali, kama mtu anayesoma ng'ambo ya mto. Nilisikia nusu.

Jumanne, 17 Juni

Nimewaza mchana kutwa, mawingu yakipita polepole juu ya mlima wa Jebel Kujur. Nimeelewa kosa. Beseni lilikuwa dogo! Nimenunua kubwa huko Hai Jalaba, la buluu. Ukilitazama waona anga. Kisha nimewazungukia wagonjwa kuomba radhi, nikimshika kila mmoja mkono kwa muda mrefu, kama adabu ya Juba inavyotaka. Mzee Both, bado kitandani, aliniombea. Mwisho nikampa mkono Erifazi. Alisita, akaangalia jerikeni yake. Nikaung'ang'ania mkono wake mpaka akasahau kunawa. Sasa hatuna kinyongo.

Tumbo langu linanguruma bado. Si jambo la kutangaza. Wazee wataamua watakapoweza kuketi kitako; wakishaamua, nitaandika.