Hesabu ya Watu wa Valea Corbului

Jumatatu, 7 Oktoba
Balaa! Alhamisi anakuja afisa wa mkoa kuhesabu watu wa kijiji chetu. Tukiwa chini ya sitini, basi la shule halitafika tena. Nimehesabu mwenyewe: hamsini na watatu, na hapo nimemjumlisha Nistor aliyeko Italia tangu Pasaka. Bila basi hakuna shule. Hakuna shindano la jiografia. Hakuna Casiana, anayekaa kiti cha mbele yangu. Sijawahi kumsemesha. Leo kanisemesha yeye! Kaniuliza kama Valea Corbului ni kijiji, au ni doa lililoachwa na inzi kwenye ramani ya mkoa wa Vaslui. Jibu nimelipata nyumbani, nikinywa supu.

Jumanne, 8 Oktoba
Njia imepatikana! Wazee wa huku hujifanyia karamu ya marehemu wakiwa bado hai, wahakikishe wenyewe kwamba wameombewa na wageni wameshiba. Chakula cha bure! Vijiji vitatu vitajaa uani, afisa atahesabu vichwa. Nimemwambia Bibi Saveta kuwa siku hizi uso wake unanitia wasiwasi. Kanijibu, wangu unamtia wasiwasi tangu nizaliwe. Ila amekubali kufanya karamu yake Alhamisi.

Jumatano, 9 Oktoba
Padri kanung'unika: karamu hizi ni za Jumamosi. Bibi kamwambia, baba, maiti ni mimi, siku nachagua mimi. Nimefunga nyama na mchele kwenye majani ya kabichi yaliyolowekwa siki mpaka vidole vinanuka.

Alhamisi, 10 Oktoba
Umati! Bibi, ndani ya nguo zake za kuzikiwa, aligawa mikate na mishumaa huku akiwakemea wanaosukumana. Hata Casiana alikuja na mamake. Afisa, Bwana Hagiu, akauliza kama wote wanaishi hapa. Midomo ilikuwa imejaa. Wakaitikia kwa vichwa. Mia moja na arobaini! Ushindi!

Bwana Hagiu akamaliza sahani tatu, akafuta masharubu, akatangaza kwamba kijiji kikubwa hivi kupewa basi ni dharau. Kinastahili shule yake!

Casiana kanipongeza. Eti hatimaye nitakuwa wa kwanza darasani.

Jumatatu, 14 Oktoba
Basi limepita barabara kuu bila kukata kona. Shule mpya ni ghala la mahindi. Mwalimu ni padri. Mwanafunzi ni mimi. Nimeshika nafasi ya kwanza, na ya mwisho.

Jumanne, 15 Oktoba
Sasa nimeelewa kosa langu: wageni walizidi. Nilihitaji saba tu! Bwana Hagiu amekubali kurudi Alhamisi kuhesabu upya. Bibi amekataa kufa mara mbili, kwa hiyo karamu itakuwa yangu. Wageni saba tu, Casiana akiwemo. Nimemsihi Bibi asimwambie mtu yeyote. Kaniambia, tulia Teofil, nimemwambia padri peke yake.

Amemwambia kanisani. Katikati ya ibada, vijiji vyote vitatu vikisikia.