Jogoo wa Boma la Ochola

Alhamisi, 8 Julai 1976. Nateete.
Mwanangu mkubwa, Ochola, amekuja asubuhi na jogoo mwekundu kwapani. Ana miaka thelathini na moja, ni fundi wa magari, ana mke na watoto wawili, na bado ananijia na uso wa mtoto aliyevunja sahani. Ametangaza kwamba anahama Kampala. Anarudi kwetu Alego, Kenya, kufungua boma lake. Na kwa mila yetu Wajaluo, mwana hafungui boma baba yake akiwa hai, mpaka baba atangulie mbele alfajiri na kumwonyesha mahali. Kwa hiyo lazima niende. Na mama yake. Na dada yake Aoko, muuguzi. Wote!

Mtego! Nimeunusa mara moja. Mimi Cleopas Obonyo, mpishi wa hoteli, niliyewapikia magavana wawili na sultani mmoja (au ndugu yake), sidanganywi kwa jogoo. Wanataka kunitoa Kampala. Ati tangu wageni wavamie uwanja wa ndege juzi, na Kenya kulaumiwa kuwasaidia, Wakenya wanatafutwa. Wakenya wengine, si mimi! Miaka ishirini na saba nipo hapa. Nani hanijui Nateete?

Aoko akasema taratibu, "Ndiyo shida yenyewe, Baba. Wote wanakujua."

Sikumwelewa. Zamu za hospitali zinamchosha.

Nimekubali kwa mdomo tu.

Ijumaa, 9 Julai.
Bila jogoo hakuna boma. Bila boma hakuna safari. Ona akili hiyo, na mimi niliishia darasa la nne!

Nimemchinja saa nne, wanawake wakiwa sokoni. Kitunguu, nyanya, na bizari ya mwisho niliyoificha tangu Wahindi walipoondoka. Mchana nikawaita wote. Wamekula! Ochola amenyonya mfupa mpaka ukalia. Mkewe Nabwire, ambaye kwa heshima ya mkwe hali mbele yangu wala hanitazami usoni, amepelekewa sahani yake jikoni na akatuma shukrani.

Kisha mke wangu Ajwang akatoka kumwaga maji. Akaona kamba tupu. Akarudi, akasimama mlangoni.

"Baba Ochola, tumekula nini?"

Nilitegemea kelele. Nilikuwa na majibu matatu tayari. Ochola ameweka mfupa chini, amenawa mikono, amesema haondoki bila mimi. Nikibaki, anabaki. Na watoto wake wanabaki.

Ushindi mkubwa! Ila bizari ilikuwa imezeeka.

Jumapili, 11 Julai.
Kanisani, benchi letu la Wakenya. Jumapili iliyopita tulibanana kumi na mmoja. Leo tulikuwa wanne, na watatu ni wa nyumba yangu. Nimeimba besi, nikaimba na sauti ya tatu, ili benchi lisisikike tupu. Mchungaji hakutaja waliokosekana. Aliwaombea "walio safarini." Safari gani, hakusema.

Jumatatu, 12 Julai.
Wanaume wa miwani nyeusi wamefika gereji. Wameuliza nani Mkenya. Ochola alikuwa chini ya lori, na mwenzake Saverio akawaambia hapa hakuna. Lakini mpiga rangi mmoja wa Ugenya, kwetu Kenya, baba wa watoto sita, alikuwa amesalimia mtu kwa Kijaluo. Wamemtia kwenye buti la gari.

Ochola amekuja nyumbani na viatu vya yule bwana. Vilibaki uani kwa gereji. Hajui ampelekee nani.

Ameketi navyo mapajani. Hakunilaumu. Angenilaumu ningejibu! Mtoto akiwa mdogo unamchapa, mnamaliza. Akishakuwa mkubwa anakunyamazia, na wewe huna pa kushika.

Jumanne, 13 Julai.
Jirani Okot, polisi Mwacholi, amepitia uani asionekane. Amesema pale kwenye kizuizi cha barabarani askari wanamuulizia "yule mpishi Mkenya wa magavana."

Umaarufu! Nimevaa koti. Nilitaka nikajitambulishe, huenda wana karamu. Okot akanishika mkono. "Mzee, hawa hawatafuti chakula."

Nikasema mimi nimeishi na wakubwa, najua kuongea nao. Nikaenda mlangoni. Aoko ameketi kwenye kizingiti na sare yake nyeupe, hataki kunipisha. Analia. Binti aliyefumba macho ya wafu wangapi sijui, analia kama siku niliyompeleka shule mara ya kwanza. Nilimwambia inuka. Akasema nimruke.

Nimevua koti.

Nimemtuma Okot sokoni aniletee jogoo, mkubwa kuliko wa kwanza. Nimewakusanya wote nikawatangazia uamuzi wangu: tunahama. Nimewaeleza ni mpango niliouandaa kitambo. Hakuna aliyecheka. Ochola ameinama akasema, "Asante, Baba."

Alhamisi, 15 Julai. Busia, upande wa Kenya.
Nabwire ndiye ametuongoza, maana kwao ni huku Busia. Kila kizuizi amewaambia askari kwamba baba mkwe wake ni mgonjwa, tena bubu. Bubu! Mimi!

Vizuizi saba. Cha tano, askari alikuwa akisonga posho, ugali wao, madonge matupu, moto unaruka juu ya sufuria.

"Huyu mzee iko na nini? Mbona natoa macho?"

Nabwire akasema ni maumivu. Kweli yalikuwa maumivu! Ajwang amenikanyaga kidole mpaka tulipopita.

Mwisho tukashuka, tukashika njia ya mashamba kwa miguu. Pale penye askari wawili nilisimama. Nabwire akanishika mkono. Mkwe, ngozi kwa ngozi! Hajawahi kunigusa tangu aolewe. Hakuna aliyetaja mila. Hakuniachia mpaka ng'ambo.

Jumapili, 18 Julai. Alego.
Boma limefunguliwa. Alfajiri, umande mpaka magotini. Mimi mbele. Ochola nyuma yangu na shoka na jogoo, kisha mwanawe, kisha Nabwire na moto wake. Nilitembea, nikasimama, nikasema hapa. Nikachimba shimo la nguzo ya kwanza. Ochola alinitazama kama zamani, nilipokuwa mrefu kuliko yeye.

Nimewapikia magavana wawili. Hakuna hata mmoja aliyenitazama hivyo.

Jumanne, 20 Julai. Alego.
Siku mbili, nimechoka. Huku hakuna anayejua hoteli ni nini.

Nimepata wazo! Yale ya Kampala yalikuwa kutoelewana tu. Watu waliniuliza, hawakujibiwa. Nani asingekasirika? Nimemwandikia barua Bwana Mkubwa wa Kizuizi, Nateete. Jina langu kamili, jina la baba yangu, kijiji, na soko lililo karibu. Nimeongeza kwamba nitarudi Jumatatu kwa basi la kwanza, wasihangaike kunitafuta.

Nimempa Aoko akaitie posta. Ameisoma yote. Amenikumbatia kwa nguvu. Hatimaye! Mtoto ametambua akili ya baba yake.

Ameondoka nayo mara moja, akapita jikoni penye moto. Posta iko upande wa pili, lakini watoto wakubwa wana njia zao za mkato.